Kidole cha Kwanza Katika Barua ya Ukungu

Karatu, siku ya kuamkia safari yako.

Mwanangu Paskalina,

YAH: SWALI ULILONIULIZA JANA MBELE YA WATU, NAMI SIKULIJIBU

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo, na afya yangu umeiona kwa macho. Sitapoteza wino kwa mambo hayo. Masuala ya sweta, pasipoti na nani atakupokea Arusha, mama yako ameyashughulikia kwa ukamilifu unaozidi uwezo wangu. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu.

Jana, katika kikao cha kukuaga, baba yako mdogo Faustini alisimama na chupa ya soda mkononi akakupa nasaha. Ninamnukuu bila kumpunguzia: "Paskalina, huko melini ukiambiwa fanya, fanya. Ofisi haijibiwi kwa barua. Baba yako aliijibu kwa barua, na aliyefukuzwa kazi ni mzee wa watu, Gwandu, ambaye hata kusoma hajui." Watu wakacheka kile kicheko cha kutazama chini. Wewe hukucheka. Ulinigeukia ukauliza, "Baba, ni kweli?" Nami nikajibu kwamba chakula kinapoa.

Chakula hakikuwa kinapoa. Kilikuwa bado jikoni.

Nimeamua kwamba huondoki Karatu ukiwa na jibu la Faustini peke yake. Sikuandikii ili unihurumie, wala ili nijisafishe. Nakuandikia ili ujue ni lipi ninalolikubali na ni lipi ninalolikana mpaka kaburini, kwa maana mdogo wangu ameyapika yote mawili katika sufuria moja.

Uliponieleza kazi unayokwenda kuifanya katika meli ya watalii, ulishangaa kwa nini nilicheka. Ulisema, "Baba, watu wengi wananunua chumba cha chini kabisa, hakina dirisha. Ofisi ikiona vyumba vya juu havijauzika, inawapigia simu wiki chache kabla ya safari: ongeza kidogo, tukupandishe. Wakikataa, mimi nawajaribu tena bandarini, siku ya kupanda, tukishajua vilivyobaki." Nikakuuliza, na wakikataa bandarini? "Kuna jioni ya kwanza, melini." Ukaongeza kwamba si kila abiria huulizwa. Orodha hutoka ofisini, na mara nyingine anayesihi sana hapati, ilhali asiyewaza lolote anafuatwa mpaka mezani.

Nilicheka kwa sababu bahari sijaiona hata siku moja, lakini kazi hiyo naijua kuliko walimu watakaokufundisha. Niliifanya miaka sita, ukingoni mwa kreta, nikiwa mtu wa mapokezi katika hoteli ambayo jina lake unalijua na sitaliandika hapa.

Hoteli ile ilikuwa na vyumba vya mbele na vyumba vya nyuma. Vya mbele vilitazama kreta yote, kutoka ukingo mpaka ziwa la magadi kule chini. Vya nyuma vilitazama msitu na jenereta. Kampuni za Arusha zilinunua zaidi vya nyuma, kwa kuwa ni rahisi, na wageni wao hawakujua tofauti hiyo mpaka wanafika. Kuwajulisha ilikuwa kazi yangu. Meneja aliniagiza nibakize vyumba vitatu vya mbele kila siku, hata kama kuna aliyeviomba mapema, ili viuzwe papo hapo kwa nyongeza.

Niliusoma mwenendo wa wageni kama wengine wanavyosoma katekisimu. Mgeni haulizwi akishuka kwenye gari. Wakati huo ana vumbi kooni na anamchukia kila mtu. Haulizwi akishaingia chumbani. Akishavua viatu, hahami. Anaulizwa katikati: ameshajipangusa uso kwa kitambaa cha moto, ameshakunywa juisi ya pasheni nusu bilauri, na mizigo yake bado iko sakafuni. Hapo unasema kwa upole, kana kwamba umekumbuka ghafla, kwamba kimepatikana chumba kimoja. Siku zote ni kimoja. Akikataa, unamwacha alale karibu na jenereta, na asubuhi unamuuliza kama amelala vizuri.

Nakuandikia haya kwa fahari kidogo, na sitaificha. Mimi niliyeishia darasa la saba, niliyejifunza kuandika barua rasmi kwa kunakili matangazo ya ofisi ya kata, nilikuwa nauza madirisha kwa watu waliosoma vyuo vikuu.

Kisha kuna ukungu.

Wewe umekua Karatu. Unajua ukungu wa juu kule. Kuna majira unakaa juu ya ukingo siku tatu, nne, na anayefungua pazia la chumba cha mbele anaona kitu cheupe kama shuka. Lakini hata siku hizo hufumbuka mara moja, mara mbili, kwa dakika chache, kisha hufunga. Sisi tuliokaa kule tulijua: upepo ukitoka mashariki na umande usipokauka kwenye vioo hadi saa sita, kufumbuka huko si dalili ya kufunguka. Ni kupumua tu. Mimi nilikuwa nikizisubiri pumzi hizo. Nilikuwa na ufunguo mfukoni. Ukungu ukifumbuka nilimwambia mgeni, "Tafadhali njoo uone," nikampeleka dirishani haraka, akaona kreta yote imekaa pale chini na mwanga juu yake. Kabla haujafunga, alikuwa ameshakubali.

Hilo la kwanza nalikubali, Paskalina. Nalikubali kabla ya mengine yote.

Walikuja dada wawili wazee, walimu wastaafu kutoka nchi za mbali, waliokuwa wameipanga safari ile tangu wakiwa kazini. Walipewa chumba cha nyuma. Siku hiyo upepo ulikuwa wa mashariki na vioo vilikuwa vinatiririka maji. Saa tisa na nusu ukungu ukafumbuka. Niliwapeleka. Mdogo wao alishika mdomo. Walikubali kulipa nyongeza ya siku mbili, na nilipokuwa nikiwaandikia stakabadhi, ukungu ulikuwa umeshafunga nyuma ya mgongo wangu. Haukufunguka tena. Mpaka chini kwenye kreta waliteremshwa ndani ya weupe ule ule, wakarudi wameona nyati mmoja, kwa ukaribu uliowatisha.

Siku ya kuondoka, dada mkubwa alinijia mezani. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama nilijua. Nikamjibu kwa Kiingereza changu bora, "Madam, hali ya hewa ni ya Mungu."

Mzee Gwandu alikuwa ameinama hapo kando akichukua mabegi yao. Alikuwa mhudumu wa vyumba, mtu mzima kuliko sisi wote, na Kiingereza cha hoteli alikuwa amekiokota neno kwa neno kwa muda mrefu. Gari lilipoondoka alirudi akasimama mbele ya meza yangu.

"Lazaro."

"Naam, mzee."

"Mungu umemwajiri lini hapa mapokezi?"

Nikamwambia aende akatandike vitanda. Akaenda. Lakini nilikaa na neno lile wiki nzima, na mwisho wa wiki nikafanya kitu pekee ninachokiweza. Niliandika barua.

Ilikuwa barua ya aya kumi na moja, kwa Meneja, kutoka kwa wafanyakazi sita. Sisi tuliotajwa hapa chini, kwa heshima na taadhima, tuliomba mambo mawili: kwamba mgeni aelezwe hali ya ukungu kabla ya kulipia chumba cha mbele, na kwamba yule ambaye hakuona chochote siku zote za kukaa kwake arudishiwe nyongeza yake. Mpaka leo naamini hakuna barua bora kuliko ile iliyowahi kupanda mlima ule. Hayo ndiyo Faustini anayoyaita kuijibu ofisi. Hayo siyajutii hata herufi moja. Ningepewa karatasi leo ningeyaandika tena, na safari hii nisingeweka "taadhima."

Sasa lisome kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Ilipofika kutia sahihi, niliiweka barua mezani na wenzangu wakanitazama. Unajua kwetu kijana hafungui kikao wakati mzee amekaa. Nilijisikia mwenye adabu kubwa. Nikasema, "Mzee Gwandu atangulie." Nikamshika mkono mwenyewe, nikamgusisha kidole gumba kwenye wino wa muhuri wa mapokezi, nikakibandika juu kabisa, namba moja, kando ya jina lake. Jina langu niliweka namba sita, kwa sababu mwandishi mnyenyekevu hukaa chini. Niliuita unyenyekevu. Ulikuwa mahali pazuri pa kujificha, na nadhani mkono wangu ulilijua hilo kabla yangu.

Meneja hakusoma aya kumi na moja. Alisoma namba moja.

Alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi, nami nikiwa mezani kwangu hatua nne kutoka pale.

"Gwandu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye kiongozi wao?"

"Jina la kwanza ni la nani?"

"Lako."

"Basi unauliza nini, bwana meneja?"

"Hujui kusoma, halafu unanipangia kazi?"

"Ukungu hausomwi," mzee akasema. "Unatazamwa."

Alifukuzwa kazi mchana huo huo. Na hapa ndipo Faustini hakufika, kwa kuwa hajui. Mimi nakuambia ili usije ukayasikia kwa mwingine. Meneja alitoka akaniambia, "Lazaro, wewe una Kiswahili kizuri. Niandikie barua ya kumwachisha kazi." Nami niliandika. Nilikaa kwenye kiti changu nikaandika kwamba uongozi, baada ya kutafakari kwa kina, umelazimika kusitisha utumishi wako, na unakutakia mafanikio mema katika shughuli zako za baadaye. Nilifuta "mafanikio mema" nikaweka "kila la heri," kwa kuwa niliona inasomeka vizuri zaidi. Kisha nikaambiwa nimsomee mhusika, kwa sababu hawezi kusoma mwenyewe.

Nilimsomea nyuma ya jiko, akiwa ameshavua sare. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Soma tena ule mwanzo," akasema. "Ni mzuri."

Nikasoma tena. Akaikunja akaiweka ndani ya kofia, akaondoka.

Nilikaa kimya siku tisa. Unaweza kutafuta sababu za siku hizo tisa, na mtu anayekupenda atazipata nyingi. Mimi sitakupa hata moja. Nilikuwa nakula, nalala, nauza vyumba vya mbele. Wale wanne wengine nao walinyamaza, lakini wao hawakuandika kitu. Mtu mmoja tu alilisema, dereva wa watalii kutoka Moshi, mtu wa mdomo, alipokuwa akisubiri wageni wake wamalize chai. "Karani," akaniambia mbele ya watu, "umeandika barua ya kuomba, umeandika na barua ya kufukuza. Andika na ya rambirambi basi, tukuite ofisi kamili." Mapokezi yote yakacheka. Mimi pia nilicheka, na nilipojisikia nikicheka, niliinuka kwenye kiti.

Niliingia kwa Meneja nikamwambia: aya zile ni zangu zote, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na moja, mzee nilimshika kidole mimi, arudishwe kazini. Akasema mzee harudi. Lakini mimi, akasema, ninaweza kubaki, kwa kuwa kazi yangu ni nzuri. Akanisogezea karatasi. "Andika mistari miwili tu, Lazaro. Kwamba ulikosea."

"Nilikosea, bwana," nikamwambia, "lakini si kwako."

Sikuandika. Hajaipata mistari hiyo hadi leo, na hataipata. Niliteremka Karatu siku ile juu ya lori la viazi, wewe ukiwa darasa la tatu, na mama yako aliponiuliza kwa nini nimerudi katikati ya mwezi nilimwambia ukungu umezidi.

Tangu hapo unajua maisha yangu: meza, kiti, na watu wanaokuja na shida zao niziweke katika maneno. Unajua pia kwamba barua yoyote niitoayo ina mstari wa kwanza kabisa usemao, "Mwandishi wa barua hii ni Lazaro Bura, naye anawajibika kwa kila neno." Wateja wengine wamenikimbia kwa ajili ya mstari huo. Mama mmoja alikuja kutoka Endulen, amekatazwa na watu wa hifadhi kulima kijibustani cha mboga nyuma ya boma lake; alipousikia mstari wangu alikasirika. "Kwa nini utangulie wewe? Bustani iliyokatazwa ni yako?" Nikamweleza kwamba namkinga. "Sikukuomba kinga," akasema, "nimekuomba barua." Akaenda kwa mwandishi mwingine. Nilimwona mkaidi.

Kuhusu kazi yako: sikuambii usiuze. Uza. Dirisha ni bidhaa halali, na mtu aliyenunua chumba kisicho na mwanga ana haki ya kuulizwa kama angependa mwanga. Walioninong'oneza kwamba binti yangu anakwenda kutumikia wazungu baharini, nimewajibu kwamba binti yangu anakwenda kufanya kazi ambayo baba yake aliiweza na kuiharibu, na kwamba ataiweza bila kuiharibu. Lakini utasimama pale bandarini na orodha yako, utakuwa unajua jambo fulani kuhusu kile chumba cha juu, na abiria hajui. Labda mashua ya kuokolea imelizuia dirisha. Labda ngoma iko juu yake hadi alfajiri. Hakuna atakayekuagiza useme uongo. Watakuagiza tu uwahi. Mimi pia sikuagizwa uongo. Niliuona mwenyewe kuwa njia fupi. Siwezi kukuambia la kufanya saa hiyo, kwa kuwa mimi saa hiyo ilinishinda. Naweza tu kukuambia kwamba yule dada mkubwa hakuniuliza kuhusu nyongeza yake. Aliniuliza kama nilijua.

Na siku wakikupa kalamu umwandikie mwenzako barua ya kufukuzwa, kwa sababu wewe una mwandiko mzuri, iache mezani. Waandike wenyewe, kwa Kiswahili kibovu.

Hapo ndipo nilikuwa nimekusudia kumalizia. Lakini saa kumi hivi Mzee Gwandu amefika kutoka Rhotia, ameleta maharage yako ya safari, ambayo mama yako ameshindwa kumweleza kwamba hayapandi ndege. Sisi wawili husalimiana, hukaa pamoja misibani, hatujawahi kulizungumza jambo lile. Nilimwomba aingie chumbani. Nikamwambia nimeandika habari inayomhusu na si haki uisome wewe kabla yeye hajaisikia. Nikamsomea yote, tangu salamu mpaka hapo kwenye Kiswahili kibovu. Alisikiliza macho yakiwa dirishani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Hapo uliposema ulinishika mkono."

"Naam."

"Futa."

Nikamwambia sifuti, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Mimi si ng'ombe wa kushikwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka mama yako akachungulia mlangoni. "Unadhani nilidhani ile ni karatasi ya mshahara? Barua nzima ulitusomea kwa sauti, mara mbili, kwa vile unapenda sauti yako. Nilijua wa kwanza ndiye atakayepigwa. Ninyi mlikuwa na watoto wadogo, wangu wameshaoa. Nikakinyoosha. Wewe ulikuta kidole kimeshanyooka. Miaka yote hii unanizungusha mjini kama mzee aliyeonewa, watu wananinunulia chai ya huruma, hata Faustini. Huruma ya Faustini! Mimi nilimwambia meneja ukweli kwenye uso wake, wewe ukiwa hatua nne."

Nilitaka kusema neno. Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Kidole ni changu. Lakini barua ile ya kunifukuza, na zile siku tisa, hizo chukua. Hizo ni zako, sikusaidii kuzibeba. Haya, andika hivyo, mtoto aende na habari kamili."

Nimeandika hivyo. Sikufuta pale juu, ili uone nilivyokuwa naamini, na uone kwamba miaka yote hii sikumuuliza mwenyewe hata mara moja. Hilo ni kosa la tatu, na nimelijua leo, nikiwa na kalamu mkononi. Hata yule mama wa Endulen nimemkumbuka kwa namna nyingine. Amekunywa chai, amekataa sukari ya ziada, amesema kesho atakuwepo stendi.

Basi jibu langu ni hili. Uliniuliza kama ni kweli. Ni kweli kwamba nilimwandikia barua ya kufukuzwa mtu aliyesimama badala yangu, nikanyamaza. Si kweli kwamba tulikosea kuandika. Kesho asubuhi Faustini atakuwepo, Mzee Gwandu atakuwepo, na nusu ya ukoo, na wote watakutakia safari njema. Usininyamazie kwa heshima, Paskalina. Heshima ya namna hiyo ndiyo niliyojificha nyuma yake mimi. Kama baada ya kusoma haya una neno la kuniambia, hata likiwa zito, liseme pale, kwa sauti, kabla basi halijaondoka. Sitasema chakula kinapoa. Nitasimama wa kwanza mstarini, na nitalisikia.

Aliyeandika na anayewajibika, baba yako,

Lazaro Bura